Mngindo wa Nyumba ya Bi Mwanamina

Mwanamkuu alikuwa na ulimi. Hilo hata waliompenda hawakulikana. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waliokula wali wake pale mtaa wa Gerezani walisema chakula cha mama huyu kina viungo viwili, bizari na matusi, na ukikosa kimoja hujala. Alikuwa mfupi, mnene wa mikono, kanga kaikaza kiunoni muda wote kama anayekwenda kuzima moto. Mumewe, naye kuli, ndiye aliyemtoa Rufiji akamleta mjini. Alipofariki, Mwanamkuu akabaki na chumba cha kupanga, mafiga matatu na wateja wake.

Kwa Warufiji wa mjini alikuwa zaidi ya mpishi. Alikuwa mtani wao. Kwa damu alikuwa Mngindo, na Wangindo na Wandengereko, wenyeji wa Rufiji, wametaniana tangu zamani zisizo na shahidi. Mmoja humtukana mwenzake mbele za watu, huyu mla kambare, yule mlina asali, naye aliyetukanwa hucheka. Mmoja hunyakua kitu cha mwenzake, naye mwenye kitu hukikomboa kwa lile atakalotajiwa. Kununa ni aibu kubwa kuliko tusi lenyewe. Akifa Mrufiji pale mjini, Mwanamkuu alitangulia kufika msibani kuliko ndugu, akachota maji, akapika, akawachekesha waliofiwa mpaka wakapata nguvu ya kula.

Kwa damu, nimesema. Kwa malezi alikuwa Mndengereko mtupu. Baada ya vita vya Maji Maji, njaa ilipowatoa Wangindo kwao ikawatawanya, mwanamke mmoja alishuka na kichanga mpaka Nyamtope, kijiji cha kando ya mto, upande wa Mkongo, akafia pale. Kichanga kiliokotwa na Mwanamina, bibi harusi ambaye hata hina haijamtoka mikononi. Mwanamina hakuzaa kabla, wala hakuzaa baadaye. Mtoto yule ndiye aliyekuwa mwanawe, na mtu aliyethubutu kutamka uani kwake kwamba huyu wa kuokota alifukuzwa kwa mwiko wa moto. Siku moja alimfukuza imamu. Kijiji kizima kilijua ukweli na kijiji kizima kilinyamaza, kwa sababu Mwanamina hakuwa na mzaha katika jambo hilo, na kusema kweli hakuwa na mzaha katika jambo lolote.

Basi yalikuwa hayo, mpaka ilipokuja amri ya pamba.

Serikali ya Mwingereza ilitaka pamba, na pamba ilitaka mashamba ya bondeni, yale ambayo mto huyafunika wakati wa masika na maji yakishuka huyaachia tope jeusi lenye rutuba. Kulima tope hilo Warufiji hukuita mlau, na mwaka ambao mvua imeharibika, mlau ndio unaowavusha watu. Majumbe wa upande ule wakapatana na Bwana Shauri, Mzungu aliyekuwa mkuu wa wilaya, kwamba shamba la bondeni ambalo mwenyewe au mrithi wake amehamia mjini lichukuliwe, apewe mtu aliyebaki, alime pamba. Waliokuwa Dar es Salaam hawakuulizwa. Wangeulizwaje, na amri yenyewe inasema hawapo?

Jumbe wa Nyamtope alikuwa Sadallah, mdogo wake Mwanamina wa tumbo moja. Hakuwa mtu mbaya, na nalisema hilo mapema kwa kuwa mtamchukia kidogo. Enzi za utoto wake ndiye aliyembeba Mwanamkuu mgongoni Mwanamina akiwa shambani. Ila alikuwa na ugonjwa wa watu wengi wanaopewa cheo: aliogopa kusemwa kwamba anapendelea. Shamba la Mwanamina lilikuwa la marehemu mumewe, Shaabani. Mrithi, kwa hesabu ya Jumbe, alikuwa mtoto wao Mwanamkuu, na Mwanamkuu yuko mjini anapikia makuli. Sadallah akasimama baada ya sala ya Ijumaa akatangaza, "Nimeanza na dada yangu mwenyewe, asije mtu akasema nina macho mawili." Akalitoa shamba. Watu wakamsifu kwa uadilifu, na bibi kizee akaenda nyumbani na jembe lake begani.

Habari zilimfikia Mwanamkuu akipakua wali. Aliyezileta alikuwa kuli aliyetoka kwao kuzika, naye alizisema huku anakula, kama mtu anayesema bei ya nazi. Mwanamkuu aliweka upawa chini. Siku ile hakumtukana mteja yeyote, na watu wakaulizana kama anaumwa.

Jambo lililomchoma halikuwa shamba peke yake. Ni kwamba kuwepo kwake mjini ndiko kulikomnyang'anya mama yake chakula. Alituma mtu amlete mama aje kukaa naye Gerezani. Jibu likarudi: "Mwambieni mimi si kuku wa kusafirishwa tengani. Nina nyumba yangu na nina shamba langu, na shamba langu nalisubiri." Maji ya mto yalikuwa juu bado. Yakishuka, watu huliwahi tope wakalipanda kabla halijakauka, na asiyepanda hapo hana lake mpaka masika mengine. Mwanamina hakuwa na akiba ya kumfikisha masika mengine, wala hakuwa mtu wa kuomba kibaba kwa jirani.

Mwanamkuu akaenda kwenye Umoja.

Umoja wa Watu wa Rufiji ulikutana Jumapili kwenye baraza ya nyumba moja Kariakoo. Ulianza kama chama cha kuzikana. Ulipofika mwaka tunaousimulia ulikuwa umekua: ulimtafutia wakili mtu aliyepigwa na msimamizi, uliandika barua serikalini kuhusu mikoko ya Delta, pale mto unapoingia baharini, ambayo watu walikatazwa kukata hata boriti ya nyumba zao, na ulikuwa na katibu, Bwana Abdulkarimu, karani wa bandarini, kijana mwembamba wa miwani aliyejua Kiingereza cha kuwatosha Waingereza wenyewe. Wanaume waliokaa barazani pale karibu wote walikuwa wamenyang'anywa bonde, au mama zao, au wake zao. Mwanamkuu alisimama mlangoni maana wanawake hawakuwa na viti.

"Wala kambare," aliwaamkia, "nyie mnajua kuzungumza nami nikiwa nimeshika jeneza lenu. Leo nimekuja na langu."

Walicheka, kisha wakasikiliza.

Abdulkarimu hakulala juu ya jambo lile. Mwaka ule walikuja wageni wa Umoja wa Mataifa, wale waliotumwa kutazama namna Mwingereza anavyoilea Tanganyika aliyokabidhiwa. Katibu akafika mbele yao na hoja yake. Aliwaambia kwamba mtu anayekwenda mjini kutafuta kodi ambayo serikali yenyewe inaidai hajahama kwao, na kwamba hakuna haki inayokufa kwa kupanda lori. Wale wageni walisikiliza vizuri, mmoja akaandika. Wakaahidi kuuliza. Waliuliza kweli, na jibu likashuka ngazi kwa ngazi mpaka likarudi Kariakoo: hili ni shauri la wenyeji na majumbe wao, lipelekwe baraza la Bwana Shauri litakalokaa Kibiti. Wengine walivunjika moyo. Abdulkarimu akasema mlango ni mlango hata ukiwa wa uani, akaanza kuchagua wa kufuatana naye.

Walipanda lori la mchele lililokuwa likirudi tupu kusini. Mwanamkuu aliketi juu ya magunia matupu, Abdulkarimu karibu yake, na njiani, vumbi likiwapofua, kijana akalitoa lililokuwa moyoni.

"Bi mkubwa, samahani. Kuna njia fupi kwa shamba la mama. Kwa sheria ya dini, mtoto wa kulea hana urithi. Tukilisema hilo tu..."

"Bwana Abdulkarimu."

"Naam."

"Weye kijana mzuri, na mie nakupenda. Hilo usin'ambie tena. Mamangu alimfukuza imamu kwa neno hilo. Sitalipeleka mie mbele ya Mzungu."

Abdulkarimu akainamisha kichwa, na mpaka Kibiti hawakuzungumza ila habari za barabara.

Baraza lilikaa asubuhi, mbele ya nyumba ya serikali. Bwana Shauri alikaa kwenye meza chini ya turubai, kofia yake ngumu kaiweka mbele yake. Majumbe walikaa kwenye viti upande wa kulia, kanzu zimepigwa pasi. Watu wengine wote chini. Wanawake walikuwa nyuma kabisa, na kati yao Mwanamkuu alimwona mama yake. Alikuwa amekuja kutoka Nyamtope kwa miguu na kwa msaada wa wenye baiskeli, kakonda, buibui limemshinda ukubwa. Waliamkiana kwa macho tu, kwa kuwa Abdulkarimu alikuwa ameshaanza kusema.

Alisema vizuri. Aliyasema yote kwa Kiswahili ili wenyeji wasikie, kisha kwa Kiingereza ili Bwana Shauri asiseme amefasiriwa vibaya. Alitaja kodi, alitaja wazee walioachwa, alitaja ahadi ya wale wageni. Bwana Shauri aliitikia kwa kichwa kwa adabu na akamgeukia Jumbe Sadallah ajibu.

Sadallah alisimama. Ni mtu mrefu, na siku ile alivaa kofia mpya ya viua, kazi ya mkono, kila aliyeiona aliitamani. Hakubishana na hoja hata moja. Alitazama watu, akasema polepole, "Wazee wetu walisema, asiyekuwepo na lake halipo."

Watu wakacheka. Mithali nzuri hushinda kesi mbaya, na hiyo ilikuwa mithali nzuri. Hata waliokuwa na watoto mjini walicheka, maana kicheko hakingoji mtu akumbuke shida zake. Hapo nyuma Bi Mwanamina akainuka.

"Mimi nipo," alisema. "Sadallah, mimi si nipo?"

"Kaa chini, bibi," tarishi wa serikali alimkaripia. "Hujapewa ruhusa." Akamshika bega akamkalisha.

Mwanamkuu hakumbuki alivyopita katikati ya watu. Miguu yake ilimpeleka kama ilivyozoea kumpeleka misibani, na mikono ikafanya iliyozoea kufanya. Alifika mbele ya viti vya majumbe, akanyoosha mkono, akainyakua ile kofia kichwani mwa Sadallah, akaivaa yeye.

Upara wa Jumbe ukang'aa juani.

"Mla kambare weye," Mwanamkuu alisema, "kofia hino unaitaka? Ikomboe. Bei yake ni shamba la yule bibi uliyemnyima hata pa kusimama."

Hilo lilikuwa kosa, na kosa la ajabu. Mtani halali angelifanya akastahili kicheko. Lakini Mwanamkuu alikuwa akimwita mtu yule mjomba tangu ajue kusema, na mpwa havui kofia ya mjomba wake, seuze mbele ya serikali. Askari wawili walikwisha mkamata mikono. Bwana Shauri alikuwa amesimama, uso umemwiva.

"Mwanamke huyu ni nani?" aliuliza.

Sadallah angeweza kusema simjui, na mwanamke angelala rumande. Lakini damu ni nzito, hata ile isiyo damu. "Ni mtoto wa dada yangu, Bwana," alijibu. "Ni kichwa kigumu tangu utotoni. Nimemsamehe. Mwachieni arudi mjini."

Askari wakalegeza mikono. Ilikuwa rahisi kabisa. Angeirudisha kofia, angeshika miguu ya mjomba wake kuomba radhi, na jioni angekuwa kwenye lori. Shamba lingebaki lilipo na mama angebaki alivyo. Mwanamkuu alimtazama Abdulkarimu, na kijana yule, Mungu amjalie, akageuza uso asimshawishi kwa lolote.

"Jumbe amesema uongo," Mwanamkuu alisema. "Kwa heshima yake, amesema uongo. Mie si mtoto wa dada yake. Mie Mngindo. Mamangu amezikwa kando ya njia, hata kaburi lake silijui. Mie mtani tu wa watu hawa."

Akanyoosha kidole nyuma, walikokaa wanawake.

"Na yule bibi hana mtoto. Hana mtoto mjini wala kijijini. Basi mrithi gani aliyehama? Mwenye shamba ni mjane wa Shaabani, na mjane wa Shaabani ndiye huyo mliyemkalisha chini."

Hakugeuka nyuma kumtazama. Hilo ndilo alilolisimulia maisha yake yote, kwamba hakuweza kugeuka.

Abdulkarimu alikuwa kalidaka. Alimsogelea Bwana Shauri akaanza kumweleza kwa Kiingereza cha haraka habari za utani: kwamba hapa hakuna tusi wala fujo, ni mila iliyowapatanisha watu hawa tangu kabla ya serikali zote mbili, Mdachi na Mwingereza, na kwamba kofia iliyonyakuliwa na mtani haimvunjii mtu heshima, kinachomvunjia ni kukataa kuikomboa. Bwana Shauri alisikiliza, akakaa.

"Jumbe," alisema, "ni kweli huyu si wa ukoo wako?"

Sadallah alimtazama dada yake juu ya vichwa vya watu. Bi Mwanamina alikuwa ameinama, kidole chake kikichora vumbini. Jumbe alisubiri, labda alitumaini atainuka na mwiko. Hakuinuka.

"Ni kweli," alisema. "Ni Mngindo."

Kisha akafanya jambo ambalo watu wa Nyamtope walilihesabu kuwa ndilo jema kuliko yote aliyofanya katika ujumbe wake. Alicheka. Hakikuwa kicheko kizuri, kilitoka kikikwaruza, lakini watu walipokisikia wakapumua, wakacheka naye. "Haya, mlina asali, umenipata. Nipe kofia yangu. Shamba la mjane wa Shaabani ni la mjane wa Shaabani."

Bwana Shauri akaandika. Kwa wale wengine wa Umoja alisema ataangalia, na kuangalia kwa serikali kunachukua muda wake. Abdulkarimu alirudi Kibiti mara nyingi baada ya siku ile, na wapo waliopata mabonde yao na wapo ambao mama zao walikufa wakingoja. Lakini Mwanamina alipanda. Maji yalishuka, tope likaonekana, na yule bibi alikuwa wa kwanza bondeni na kunde zake na mahindi.

Mwanamkuu alimfuata nyumbani siku ile ile ya baraza. Mwanamina alimpa maji ya kunywa, akamkaribisha ukumbini, akamtilia wali kwenye sahani ya wageni. Hakumkaripia. Alimwuliza habari za mjini, kama zinavyoulizwa kwa mtu yeyote atokaye mjini. Alipokuwa akiondoka Mwanamkuu alisema, "Mama, nikwambie," na bibi akasema, "Njia njema, bi Mwanamkuu," akaingia ndani. Maisha yake yote alikuwa amemwita mwanangu.

Ikawa hivyo. Kila mwaka Mwanamkuu alipeleka sukari, mafuta ya taa na kanga, na kila mwaka alipewa sahani ya wageni. Mjini aliendelea kuwatukana makuli na kuwazika. Hakumwambia mtu yeyote kwamba anasikitika, lakini waliomjua walisema matusi yake yalipungua chumvi.

Siku Bi Mwanamina alipofariki, bendera ya Mwingereza ilikuwa bado inapepea Utete, makao ya wilaya, ingawa watu walikwisha anza kuzungumza habari za kuishusha. Mwanamkuu, aliyekuwa ameitwa bibi alipozidiwa, aliipata habari ya kifo Kibiti, akafika Nyamtope kabla ya kuosha. Aliona watu wamejaa uani, na akajua la kufanya, kwa kuwa alikuwa amelifanya kwa watu wengi sana. Alikaza kanga kiunoni, akachukua ndoo penye mlango, akafungua kinywa kumtukana marehemu kama mtani anavyopaswa. Alikuwa ameandaa tusi njiani kutoka Kibiti, la kuchekesha, juu ya ubahili wa bibi yule kwa chumvi.

Sadallah alikuwa mlangoni. Alikuwa mzee sasa, anatembelea fimbo. Aliichukua ndoo mkononi mwake akaiweka chini.

"Watani watachota," alisema. "Nimewaita Wangindo wa Chumbi, wako njiani."

"Mjomba, na mie je? Mie kazi yangu nini hapa?"

"Dada alisema usiku wa jana, akili zake timamu na imamu yupo. Alisema nikuoneshe pa kukaa." Mzee alijikaza, maana maneno hayakuwa yake na alitaka kuyafikisha yalivyo. "Alisema: siku ile barazani mwanangu alinikana ili nile. Nami nikaona haya kumwita mwanangu, nisije nikamfanya mwongo mbele ya serikali na shamba likatoka tena. Mwambie sasa nimekwisha kula. Aje anioshe, kisha akae mkekani na wafiwa."

Alimwosha, yeye na wanawake wawili wa ukoo. Kisha alipelekwa ukumbini, kwenye mkeka wa waliofiwa, mahali ambapo katika misiba yote aliyoiendea kwa utani hakuwa amekaa hata mara moja, kwa kuwa mtani hana mkeka. Wanawake wakampisha katikati. Nje Wangindo wa Chumbi walikuwa wamefika, mmoja ameshaanza kupiga kelele kwamba bibi huyu alikuwa bahili wa chumvi, na watu wakacheka. Mwanamkuu alitaka kucheka nao. Alijifunika kanga usoni, akalia, na hakuna aliyemtaka afanye kazi nyingine yoyote.